Santuri za Barabara ya Namanga

Asubuhi niliyotoka Kware sikuwa ninaenda popote. Niliamka, nikauangalia ukuta niliokuwa nimeuangalia miezi mitano, nikakunja blanketi, nikatia nguo zangu ndani ya begi moja na kumwachia jirani ufunguo. Hivyo ndivyo nimekuwa nikihama tangu nilipoacha shule darasa la sita. Watu huniuliza kama kulikuwa na shida nyumbani. Shida ilikuwa kwamba mwalimu alitaka jibu moja na mimi nilikuwa na maswali manne, na nje ya dirisha la darasa kulikuwa na barabara.

Kwa seremala mmoja pale Rongai nilikuta lori likipakiwa rafu, nikasimama kwa sababu sikuzielewa. Zilikuwa ndefu kuliko mlango, lakini kila chumba chake kilikuwa kidogo na cha mraba, kimegawanywa tena kwa vibao vyembamba vilivyosimama wima. Kwa vitabu zilikuwa na kina kupita kiasi. Kwa vyombo hazingefaa kabisa.

"Hizi ni za kuweka nini?" nilimwuliza dereva.

"Nyimbo."

"Nyimbo zinawekwa kwa rafu?"

"Ndiyo nimeambiwa. Kuna mama Kitengela ako na nyimbo mpaka hana pa kulala. Kwani wewe unaenda wapi?"

"Wewe unaenda Kitengela?"

"Eh."

"Basi naenda Kitengela."

Alicheka, akanionyesha nyuma kwa kidole gumba. "Panda ushikilie. Moja ikivunjika, utaimba wewe."

Tulipitia Tuala, vumbi likitufuata kama jamaa anayetudai, nami nikiwa nimezikumbatia rafu kumi na nne zilizonuka gundi na varnishi. Nyumba tuliyofika ilikuwa ya mawe, nje kidogo ya mji, mahali ambapo bado punda huleta maji na upepo haupati kitu cha kuuzuia. Kwenye chumba kikubwa cha mbele katoni zilikuwa zimepangwa hadi juu ya dirisha. Mwanga ulipenya kwenye kipande kimoja cha kioo, upana wa kiganja.

Mwenye nyumba alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, fimbo imelala mapajani. Alikuwa amepita miaka sabini na nyonga yake moja ilikuwa imegoma. Zamani alikuwa na baa mjini Kajiado, na ndani ya baa hiyo kulikuwa na ile mashine kubwa ya kutumbukiza shilingi: unabonyeza namba, mkono wa chuma unachomoa santuri, inacheza. Mashine ilihitaji santuri mpya kila mara, na zile za zamani zikitolewa yeye hakutupa hata moja. Wengine walimletea zao wakihama, wengine waliziacha wakiwa wamelewa. Alipouza baa, waliomhamisha walipakia kwa kufuata ukubwa wa katoni. Santuri ndogo zenye tundu kubwa katikati, santuri kubwa, kaseti, vyote viliingia palipokuwa na nafasi.

"Wewe ni fundi?" aliniuliza tulipomaliza kushusha.

"Hapana, mama. Mimi nilishikilia tu."

"Kusoma unajua?"

"Najua."

"A, B, C, yote unaijua?"

"Naijua, lakini sijawahi kupenda vile inaenda."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Akasema kuna chumba nyuma ya tangi la maji, kama ningependa kumpangia vitu vyake. Nikasema nitakaa wiki moja. Nilitaka tu kuona kilichokuwa ndani ya hizo katoni.

Kwa nini alitaka apangiwe nilielewa siku ya tatu. Alikuwa katika kikundi cha watu wachache wanaokutana Jumapili moja kila mwezi, baada ya watu kutoka kanisani, kusikiliza santuri kwa spika kubwa. Wanazunguka, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Na walikuwa na desturi yao inayoitwa kuitisha. Mgeni mmoja anataja santuri ambayo mwenye nyumba amewahi kusema anayo. Kuanzia hapo mwenye nyumba ana muda wa wimbo unaocheza tu, labda dakika tatu. Wimbo ukiisha kabla hajaiweka hiyo santuri chini ya sindano, mgeni anachagua santuri yoyote aitakayo humo chumbani na kwenda nayo kwake.

Aliyebuni desturi hiyo alikuwa wakala wa forodha mstaafu, mzee mwembamba aliyetumia maisha yake Namanga akitoa mizigo mpakani. Kwake kila santuri ina namba, kila namba ina ukurasa kwenye faili, na faili lina nakala. Alikuwa akisema, "Ukishindwa kuipata, basi huna. Uko na uzito tu." Miaka iliyopita, mama akiwa bado na baa, alimwazima daftari alimoandika santuri zake zote. Wakala alilirudisha baada ya kulinakili lote. Kwa hiyo alijua mama ana nini. Mama mwenyewe hakujua kiko wapi.

"Ameshanichukulia saba," mama aliniambia. "Na ukienda kwake utazikuta, namba zimebandikwa, zimesimama kama wafungwa."

Nilianza kazi kwa herufi na nikashindwa ndani ya siku mbili. Bendi moja ilikuwa imetoa santuri kwa majina matatu. Lebo nyingi zilikuwa zimefutika kwa vidole na bia. Nyingine zilikuwa kwa lugha nisizojua, Kijaluo, Kilingala, Kikamba cha zamani, na sikujua hata ni neno lipi ni jina la mwimbaji na lipi ni jina la wimbo. Basi niliacha kuzisoma, nikaanza kuzisikiliza. Mama alinifunza kushusha sindano bila kutikisa mkono, na kuifuta santuri kwa kitambaa chenye unyevu nikifuata mviringo wake, kamwe si kuukata. Niligundua kwamba ukikaa kimya na wimbo, unakupeleka mahali. Na mahali ninapopajua mimi ni barabarani.

Nikaipanga nyumba ile kama barabara ya Namanga. Rafu ya kwanza, karibu na mlango, ilikuwa mpakani: nyimbo zenye fujo mwanzoni, ngoma na tarumbeta zinagombana kama malori yakingoja karatasi. Ikafuata Maili Tisa, gitaa moja kavu na sauti ya mtu mmoja. Bisil ziliwekwa zile za waimbaji wengi wanaoingiliana, kama siku ya mnada wa ng'ombe. Halafu Kajiado, Isinya yenye upepo, na mwisho kabisa Kitengela, nyimbo za kasi ambazo hazisubiri mtu avuke. Kati ya miji nilijaza madaraja, korongo, mahali nilipowahi kulala, mahali mbwa aliponifukuza. Nikifumba macho niliweza kutembea kutoka rafu ya kwanza hadi ya kumi na nne nikijua kila jiwe.

Wiki moja ikawa miezi minne. Zilikuwa santuri elfu tatu na mia kadhaa, bila kaseti. Sikuhisi muda. Sijawahi kufurahia kazi kama ile.

Jumapili ya zamu ya mama ilipofika walikuja saa nane. Wakala alivaa koti. Pamoja naye alikuja Hajji, mfanyabiashara wa asili ya Garissa mwenye duka la nguo mjini Kitengela, ambaye hukusanya kaseti tu na hachoki kuwacheka wanaobeba santuri. "Mnakusanya sahani," alikuwa akisema. "Siku moja mtapakulia wali." Kwake kaseti zimepangwa kwa saa: za baada ya alfajiri, za adhuhuri, za alasiri, za magharibi. Kaseti ya alasiri haichezwi asubuhi hata uombe vipi.

Chai ikapita. Mama akaweka wimbo. Wakala akangoja mpaka ubeti wa kwanza uishe, akafungua karatasi yake.

"Naitisha. Ndogo, lebo ya kijani, wanaimba Kikamba kuhusu gari la moshi. Upande wa pili kuna kinanda cha kuvuta."

Mama alinitazama, mkono wake umekaza fimbo. Nilifumba macho. Nikapita Bisil, nikateremka mahali mto hukauka, kushoto, kwenye daraja ambalo nililala siku ya mvua. Nikanyoosha mkono. Ilikuwa hapo. Niliukata wimbo wa kwanza ukiwa bado na ubeti mzima, nikaishusha sindano juu yake.

Hajji alipiga makofi. Wakala alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, kama anatafuta muhuri.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Alikuja na rafu," mama alisema.

"Na ataenda lini?"

"Huyu?" Mama alicheka, akanishika mkono mbele yao wote. "Huyu haendi mahali."

Walicheka, nami nikacheka. Usiku huo ndipo niliposikia maneno yale vizuri.

Sitaki kusema alinifunga. Mlango wa chumba changu ulifunguka wakati wowote nilipotaka. Nililishwa vizuri kuliko nilivyowahi kulishwa tangu nitoke kwetu, na kila Jumamosi alinipa changu bila kuombwa. Lakini kila nilipotaja kuondoka aliuliza swali moja tu, tena kwa upole: "Na Jumapili?" Kulikuwa na zamu yake, na hata isipokuwa zamu yake alitaka kusikiliza, na kila alichotaka kukisikiliza kilikuwa kichwani mwangu. Nilikuwa nimezipanga santuri za mtu mwingine mahali ambapo yeye hawezi kuingia. Ni kosa ambalo mtu aliyesoma asingelifanya. Angeandika orodha.

Niliandika orodha. Nilikaa na daftari majuma matatu, kalamu ikinitoa jasho. Mama aliweka miwani akasoma kwa sauti: "Isinya, ukipita pale upepo hugeuka, kulia." Akashusha miwani.

"Upepo hugeuka wapi, kijana?"

"Pale karibu na njia ya kuingia shambani kwa watu wa maua."

"Isinya yangu mimi ni ofisi ya leseni na mti mmoja. Sijui upepo wako."

Kisha Wakala akaanza zawadi. Katika kikundi chao zawadi ya santuri hairudishwi; kuirudisha ni kama kukataa salamu ya mtu. Alikuja na pikapu siku ya katikati ya wiki, imejaa katoni kutoka duka la muziki lililofungwa Namanga.

"Mama, nimekuletea kidogo cha kuongezea."

"Kidogo hicho?"

"Ni mapenzi tu."

Niliposaidia kushusha, aliniinamia. "Unajua, kontena moja naipata hata nikiwa nimelala. Kontena mia, hata nikiwa macho nitasumbuka. Na wewe utasumbuka." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananieleza kazi, mtu wa kazi kwa mtu wa kazi. Mwezi uliofuata akaleta katoni nyingine. Bila shaka, za zawadi pia alikuwa amebaki na orodha yake.

Hapo barabara yangu ikaanza kujaa. Nililazimika kuweka santuri kwenye kila kalvati, kila kibanda cha nyama. Sehemu ambayo nilikuwa nimeipita mara moja tu, nikiwa na furaha, jua likitoka, nilibandika nyimbo sitini za kwaya. Ajabu mbaya ikatokea. Nilikuwa nikisikia lori la saruji likipiga honi kule kwenye lami na kitu cha kwanza kuja akilini ni santuri. Nilijaribu kuikumbuka Bisil, vumbi lake, yule mama aliyenipa maziwa kwenye kibuyu, ikaja rafu ya tano. Mtu asiye na shamba wala nyumba ana barabara. Yangu nilikuwa nimeigeuza kabati.

Siku moja nilitoka. Nilisema naenda kununua sabuni, nikachukua begi langu, nikaomba lifti kwa gari la majani ya ng'ombe mpaka Kajiado. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale juu ya mji, nikichagua kati ya kwenda mbele na kwenda mbele zaidi, simu ikalia.

"Kijana, iko wapi ile ya yule mwanamke mwenye sauti nzito? Ya lebo nyekundu?"

"Enda Kajiado, mama."

"Kajiado ni rafu gani?"

"Ya nane. Anza pale ukitoka mjini, upande wa kupanda. Kuna kona."

"Naona tu vibao."

"Pita kona. Kuna gari bovu hapo kando."

"Kuna gari bovu ndani ya nyumba yangu?"

Nilikuwa nikiiangalia ile kona. Gari bovu halikuwepo tena, walikuwa wameliondoa. Nilimwelekeza mama aliye Kitengela kwenye barabara niliyosimama juu yake, na barabara yenyewe haikufanana tena na ile niliyokuwa nikimwambia. Nikasikia fimbo yake ikigonga sakafu, akirudi kitini.

"Basi wacha," alisema. "Nitakaa bila."

Nilirudi jioni hiyo. Chakula kilikuwa kimefunikwa kwa sahani mezani. Hakuniuliza sabuni iko wapi.

Hajji ndiye aliyenifungua macho, bila kujua, au labda akijua. Nilikuwa nimepeleka kaseti dukani kwake kurekebishwa utepe, maana ana subira ya kuunganisha utepe uliokatika kwa gundi na wembe. Nikamwuliza kama hana hofu ya kusahau kaseti zake ziko wapi.

"Nisahau vipi? Nikisahau, nauliza saa ngapi."

"Na ukifa?"

"Mtoto wangu hajui saa?" Alipuliza utepe. "Wewe umeweka vitu vya mama kwa kichwa chako. Kwa nini hukuweka kwa kichwa chake?"

Nilibaki nimesimama kwenye lango la duka, watu wakinisukuma wakipita na vitambaa. Mambo mengine ni rahisi mpaka unaona aibu.

Nilirudi nikavuta kiti cha mama hadi katikati ya chumba, nikachomoa santuri ya kwanza, ile ya kwanza kabisa ya mpakani. Nikaicheza.

"Mama, hii ilikuwa ya nani?"

"Ya nani vipi?"

"Kule baa. Ni nani alikuwa akiibonyeza?"

Alisikiliza. Uso wake ukabadilika taratibu. "Hiyo ni ya daktari wa ng'ombe. Akitoka kuchanja, viatu vyote matope, kabla hajakaa anaibonyeza." Akaelekeza fimbo. "Alikuwa akikaa pale. Kaunta, mwisho."

Kumbe baa yote ilikuwa bado imesimama ndani yake, kila mtu kwenye kiti chake. Tulianza upya. Rafu zilizo karibu na mashine ya kuchezea santuri zikawa kaunta, zile za ukutani zikawa meza za dirishani, na zile za mbali, kule nyuma, wakawekwa waliopenda kukaa mahali pasipoonekana. Kulikuwa na mwalimu aliyeachwa na mkewe, ambaye kwa miaka miwili alibonyeza wimbo mmoja. Kulikuwa na karani wa korti, madereva wa masafa marefu, mhubiri aliyekuja kunywa soda na kusikiliza nyimbo ambazo hakuwa na ruhusa ya kuzipenda. Zile za zawadi za Wakala hakuna aliyewahi kuzibonyeza, kwa hiyo mama alizipa rafu ya wapita njia, watu wa siku moja, akazigawa kwa sura. "Hizi ni za wanene," alisema. "Hizi ni za wale wanaulizia choo kabla ya kuagiza."

Ilichukua kuanzia mvua ndefu hadi nyasi zilipokauka tena. Kila santuri niliyoitoa kwenye rafu yangu ilinirudishia kitu. Siku tulipomaliza kuihamisha Maili Tisa nilikuwa nachota maji, na ghafla nikaiona Maili Tisa yenyewe, mbuzi kwenye kivuli cha tangi na msichana anawatupia maganda, bila wimbo wowote. Niliweka ndoo chini. Lakini pia nilikuwa napoteza. Nyumbani mwa watu wake nilikuwa mgeni. Mama alisema "mpe karani," nami nikauliza karani ni yupi.

Jumapili ya mwisho, Wakala aliketi pale pale na karatasi yake. Ubeti wa kwanza ukaisha.

"Naitisha. Ndogo, lebo ya bluu iliyochanika, Kiswahili, wawili wanagombana, na mwishoni mwanamke anacheka."

Wote walinigeukia. Nilifumba macho kwa mazoea. Hapakuwa na kitu, giza tu la macho yaliyofumbwa.

"Sijui," nilisema.

Wakala aliweka kikombe chini. Lakini mama alikuwa tayari ameinuka.

"Hiyo ni ya askari jela," alisema. "Yule mrefu. Nyuma kabisa, karibu na mlango wa uani, ili akiona mkubwa wake atoke."

Alianza kutembea. Chumba kile kina urefu, na nyonga yake haikuwa na haraka. Fimbo, mguu, fimbo, mguu. Hajji alikuwa ameshika goti la mtu aliyekaa karibu naye. Nilitaka kumkimbilia nikasimama, kwa sababu nisingejua niende wapi. Alifika, akapitisha kidole juu ya migongo ya santuri, akarudi nyuma tatu, akachomoa. Lebo ya bluu, imechanika. Akageuka nayo. Fimbo, mguu. Wimbo uliokuwa ukicheza ukafika mwisho, sindano ikaanza kukwaruza pale katikati, yeye akiwa bado hatua sita kutoka kwenye mashine.

"Mama," Wakala alisema kwa sauti ndogo. "Umeisha."

"Ameipata!" Hajji alisimama. "Si mnaona iko mkononi? Kichwa kimefika, mguu ndio umechelewa!"

"Sheria ni sindano, Hajji."

"Sheria ulitunga wewe, na miguu yako mizima!"

"Hajji, kaa," mama alisema. Alimaliza hatua zake sita. Akamnyooshea Wakala ile santuri. "Utachagua hii. Nakujua."

Wakala aliiangalia, kisha akamwangalia mama. Akaichukua. Ni mtu wa sheria.

"Chukua, uipe namba," mama alisema. "Lakini nimeipata. Mmeniona nikiipata."

"Tumekuona," Wakala alisema.

Baadaye, nikiosha vikombe jikoni, mama alikuja akaegemea mlango. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikuweza kujua kama ni hasira. Alikuwa anaipenda ile santuri, nilijua hivyo baadaye, kwa jinsi alivyokuwa amemkumbuka yule askari jela.

"Ungekuwa na rafu zako za zamani, ungeifikisha?"

"Ningeifikisha, mama."

"Na sasa moja kati ya zote, unajua iko wapi?"

Nilifikiri kwa ukweli. "Hata moja sijui."

Alihamishia fimbo mkono mwingine. Nje upepo ulikuwa ukipiga mabati ya jirani.

"Kwa hivyo umejitoa."

"Nimejitoa."

"Nimepoteza santuri ndiyo wewe utoke."

Alichukua kikombe kimoja, akakipangusa, akakirudisha.

"Basi enda," alisema. "Enda kesho, kabla sijaanza kukufunza nani alikaa wapi."

Niliondoka asubuhi kabla punda wa maji hawajafika. Sikuchukua barabara ya Namanga. Nilienda upande mwingine, Kiserian, kisha Ngong, na kutoka Ngong nikapanda kwenye pikapu ya mtu anayepeleka dawa za kuogeshea mifugo. Nilimwuliza anaenda wapi, akasema Ewuaso Kedong. Sikuwahi kufika Ewuaso Kedong. Hapakuwa na wimbo nilioupeleka huko, wala kona niliyoijaza. Tulipoanza kuteremka bonde, niliangalia kila kitu kwa pupa, korongo, vilima, ng'ombe wawili waliosimama barabarani wakitutazama kama sisi ndio tuliopotea, na nikajizuia kuvihesabu.

Tulifika adhuhuri. Aliyenionyesha vyumba alikuwa mama wa makamo mwenye shanga shingoni na simu mbili mkononi.

"Sopa," nilimsalimia kwa Kimaasai.

"Ipa. Unatafuta mtu?"

"Natafuta pa kulala."

Alinipeleka nyuma ya duka lake. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, na dirisha linalotazama zizi tupu. Aliusukuma mlango, ukafunguka, akauvuta, ukafunguka tena.

"Huu unasumbua, haushiki," alisema. "Fundi anakuja kesho atengeneze. Unakaa siku ngapi?"

"Sijui, mama."

"Mwezi? Wiki?"

"Nitakulipa leo ya leo."

Alinitazama, akaangalia begi langu, akaamua mimi si mwizi. "Sawa. Lakini huo mlango, kama unaogopa, weka kitanda nyuma yake."

"Hapana," nilisema. "Na huyo fundi umwambie asije."

Alipoondoka nilivua viatu nikalala chali, mchana peupe, mlango ukifunguka na kujifunga kwa upepo.